Ungo Usiegemezwe Ukutani

Midia, Koboko
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Kwa Kulwa, dada yangu uliyenitangulia duniani kwa muda wa kuchemsha chai,

Kabla hujasoma mstari wa pili, inuka. Nenda nyuma ya ghala la pamba. Ukiukuta ule ungo wa vioo niliomtumia Mama umeegemezwa ukutani na uso wake unatazama jua, usiuendee kwa mbele. Zunguka upande, ushike ukingoni, ulaze kifudifudi, kisha uufunike kwa magunia mawili. Ukimaliza rudi ukae, usome kwa raha. Najua watu wenye adabu huanza barua kwa salamu. Za kwangu nimeziweka mwisho, kama nyama ya mgeni, nitakupakulia ukishageuza ungo.

Umerudi? Haya.

Nimekupigia simu siku mbili mfululizo. Yule mama wa kwenye simu ananiambia unayempigia hapatikani kwa sasa; nimeshamzoea sauti kuliko shangazi zetu. Ama umeitumbukiza tena simu kwenye ndoo ya ng'ombe, ama mmehamia shambani kuchuma, ambako mtandao haupatikani mpaka mtu apande kichuguu. Jana jioni dereva Masanja alinipigia kutoka Vurra mpakani, lori lake linangoja karatasi za forodha. Nikamuuliza kuhusu mzigo. Akasema, "Nilimkabidhi mama yako mkono kwa mkono. Alifurahi mno. Aliupiga makofi mawili mgongoni, akauegemeza kwenye ukuta wa ghala." Nilipoyasikia makofi yale mawili nikakaa chini. Namjua Mama. Akishamaliza kupepeta, ungo hupigwa makofi mawili, makapi yanaanguka, kisha huegemezwa ukutani uso juani ukauke. Hata akiwa na homa hawezi kuuweka vinginevyo.

Nimepiga hesabu ya mahali, Kulwa. Sasa hivi mbele ya ukuta ule hamna kitu, ila labda kuku. Lakini pamba ikianza kuletwa kutoka shambani mtaishusha wapi? Pale pale. Rundo la pamba kavu na takataka zake za majani, hatua moja mbele ya ungo. Ndiyo maana nimekaa juu ya paa la watu naandika barua badala ya kuezeka. Kwa nini niko juu ya paa la watu, utasikia muda si mrefu, na ninaomba usicheke kabla hujafika mwisho wa habari.

Ujue kwanza kwamba mdogo wako si utingo tena. Nilipoachwa na lori huku, niliokotwa na Maître Bahati, yaani Bwana Fundi, Mkongo mmoja wa Aru, ng'ambo ya mpaka, mwenye karakana mjini Arua, nyuma ya soko. Anachukua madishi ya televisheni yaliyotupwa, anayabandika vipande vya kioo kimoja kimoja kama mtu anayetengeneza magamba ya samaki, mpaka uso wote unang'aa. Ukiuelekeza juani, mwanga wote unakusanyika sehemu moja mbele yake, pana kama kiganja. Sisi tunapaita jicho. Weka sufuria kwenye jicho, maharage yanachemka bila kuni wala mkaa. Maître ndiye fundi. Mimi ndiye mdomo. Bila mdomo wangu vile vyombo vingekuwa vinakusanya vumbi na kinyesi cha njiwa. Arua yote wananijua, muulize bodaboda yeyote akupeleke kwa Doto wa Ungo, atakufikisha bila kusita, ingawa anaweza kukuzungusha kwanza.

Jina la ungo nimelileta mimi. Maître alikuwa anaita jiko la jua, na wateja walikuwa wanauliza, jua lina jiko? Mimi nikasema hapana, mama, ni ungo tu, tofauti yake huu unapepeta mwanga. Wakacheka, wakanunua. Wenye asili ya Kongo wakawa wanaita lungo, na wote wakaelewa. Nilijisifu sana kwa neno lile. Usilisahau, maana ndilo lililoniweka juu ya paa.

Basi kila asubuhi nilikuwa nasimamisha ungo barabarani na kuwachomea watu vitu. Gazeti kwanza. Gazeti halikupi muda wa kuhesabu mpaka tatu: linageuka rangi, linatoa moshi mwembamba, linalipuka. Watu wanaruka nyuma, mimi nainama kama mwimbaji. Siku hizo redio zote zilikuwa zinasema mataifa makubwa yanatishana mabomu ya nyuklia, kwa hiyo kila gazeti likiwaka kuna mtu atasema, "Ndiyo ile bomu hiyo!" Nami najibu, "Ndiyo yenyewe, mzee, na hapa unapewa pamoja na kifuniko cha sufuria."

Siku moja nyuma ya kundi akasimama mzee mmoja mrefu, kofia ya kitambaa, fimbo kwapani kama anakagua gwaride. Hakuruka. Alikuwa anatazama jicho kama mtu anayekumbuka deni.

"Wewe kijana," akasema, "chukua gazeti ingine. Usichome katikati. Weka mahali iko maandishi kubwa."

"Kwa nini, mzee? Unataka kulisoma kabla halijaungua?"

"Weka."

Nikaweka, nikaugeuza ungo pembeni kidogo ili jicho liwe dhaifu, kama alivyonielekeza kwa fimbo. Kulwa, sikuwahi kuona jambo lile ingawa nilikuwa nimechoma magazeti mia. Zile herufi nene nyeusi za kichwa cha habari ndizo zilizoanza kufuka. Zikatoboka, moja baada ya nyingine, na karatasi nyeupe iliyozizunguka ikabaki imekauka tu, rangi ya chai ya maziwa. Nikalishika gazeti juu, anga likasomeka kupitia mashimo.

"Nyeusi inakula mwanga," yule mzee akasema. "Nyeupe inatema. Hii iko somo ya kwanza."

Huyo ndiye Afande Rajabu wa Midia, ambaye paa lake nimelikalia. Alikuwa sajini jeshini zamani, kama nusu ya wazee wa Koboko, na ujanani alipelekwa kozi ng'ambo, kozi ya askari kujikinga na bomu la atomi. Hakuwahi kuliona bomu lenyewe, anamshukuru Mungu, lakini aliletewa picha za majaribio na akaandika kila kitu kwenye daftari ambalo bado analo, limefungwa kwenye ngozi ya mbuzi. Nikamtania. Nikamwambia, "Afande, hiyo kozi umeisubiri miaka yote upate wa kumfundisha, leo umempata Doto." Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alivuta kreti ya soda, akakaa, akaniamuru nichome hiki na hiki. Nilidhani namfurahisha mzee, kumbe nimeingia darasani, mimi niliyetolewa nje na mwalimu wa fizikia kidato cha pili kabla ya kufika sura ya mwanga na joto. Wewe uliifika. Labda unayajua haya yote na hukuwahi kuniambia, mchoyo wewe.

Alitaka ubao mpya. Nikauweka. Uso wake ukawa mweusi haraka, ukatoa moshi mwingi na mwali mdogo. "Sasa toa," akasema. Nilipouondoa kwenye jicho, mwali ukazimika wenyewe, ukabaki mkaa mwembamba juu na ndani ubao ni baridi, mzima kabisa. Akataka ubao wa zamani, uliooza na kuliwa na mchwa. Ule haukutoa mwali wa maana. Ulishika kaa, ukaendelea kula kimya kimya hata baada ya kuuondoa, mpaka nikaumwagia maji.

"Umeona? Ile bomu mwanga yake iko kama kipande ya jua imeshuka karibu," akasema. "Inakaa sekunde kidogo tu. Mbao nene haina nafasi ya kupata moto mpaka ndani. Inakuwa nyeusi, inafuka, mwanga ikiisha na yeye anazima. Lakini gazeti, nyasi kavu, pazia, majani chini ya nyumba, mbao imeoza, hiyo inashika. Hiyo ndiyo inachoma mji. Si ukuta. Takataka."

Maître Bahati akatoka karakanani na gundi mikononi. "Na wakati huo mutu atasikia nini, Afande? Mulio?"

"Hakuna kusikia. Mwanga inatembea mbele, na moto iko ndani ya mwanga. Unaona, umeshaungua. Halafu inakuja upepo, inabomoa. Sauti inakuja na upepo. Upepo ingine inaweza kuzima moto kidogo-kidogo ile mwanga iliwasha, lakini inaangusha nyumba juu ya majiko ya watu, inawasha ingine mingi. Sisi walitufundisha: flashi, chini! Lala tumbo, funika mikono na shingo, usitazame, ingia kwenye kivuli ya kitu chochote. Ukuta, shimo, hata jiwe."

"Kivuli tu?" nikauliza.

"Mwanga haijui kupinda kona. Mahali jua haikuoni, na ile haikuoni."

Mama mmoja muuza dagaa akauliza, hiyo bomu ikianguka mbali, Arua tutaungua? Mzee akasema inategemea umbali na hewa; siku ya vumbi au mawingu mwanga unapungua, siku ya hewa safi unafika mbali. Akasema kule Japani, katika ile vita kubwa, kulikuwa na wanawake waliovaa nguo za maua, na mahali palipokuwa na ua jeusi ngozi iliungua kwa sura ya ua, na palipokuwa peupe ngozi ilipona. Niliangalia fulana yangu, nyeusi, imeandikwa jina la timu ya mpira, nikajikuta nimerudi nyuma hatua moja kutoka kwenye ungo wangu mwenyewe.

Nilijikaza. Nikasema, "Kwa hiyo, Afande, huu ungo wangu ni bomu dogo."

"Hapana. Hii yako inachoma mahali moja, na wewe unachagua. Ile haichagui. Usijisifu."

Kisha akanunua ungo. Ndiyo, alinunua! Alisema mke wake, Mama Sauda, kifua kinambana kwa moshi wa kuni. Alhamisi nikausafirisha mwenyewe mpaka Midia kwa bodaboda, nimeuvaa mgongoni ukiwa ndani ya gunia, na kila kituo watoto wananizomea, "Kobe! Kobe!" Nikawapungia mkono kama mheshimiwa. Kobe ni mnyama mwenye nyumba yake, mimi bado napanga.

Kwa Afande nilipokewa vizuri kuliko ninavyostahili. Boma limefagiwa, jiko la nyasi upande mmoja, paa limeshuka chini mpaka begani kwa mtu, kamba ya nguo imefungwa kwenye nguzo ya jiko ikavutwa mpaka mti wa shea. Ijumaa asubuhi nikamwonyesha Mama Sauda namna ya kulifuata jua, na kabla ya saa sita maharage yalikuwa yameiva. Alifurahi, akasema macho yake yamepumzika. Afande alikuwa amekwenda msikitini Koboko mjini. Kabla ya kwenda alifua kanzu yake ya pili na koti lake la jeshi, lile alilorudi nalo kutoka huko kozini, la pamba nzito, kijani kilichokolea karibu na weusi. Huwa halivai. Hulifua na kulianika tu.

Mimi nilikuwa nimekaa kivulini na sahani ya maharage na mchuzi wa karanga, mdomo umejaa. Mama Sauda akaniuliza, "Mwanangu, hii nimemaliza, naweka wapi?"

Nikamjibu bila kugeuza shingo, "Weka kama ungo, mama. Ni ungo tu."

Akauweka kama ungo. Aliufuta vizuri kwa kitambaa, akaupiga mgongoni kwa kiganja, akauegemeza kwenye ukuta wa jiko uso juani ukauke. Mimi nikaongezwa maharage.

Nakusimulia nilichokiona, kwa mpangilio wake. Kwanza niliona doa la mwanga kwenye koti, kwenye kola, dogo kama sarafu. Nikadhani ni kifungo kinang'aa. Kisha doa likafuka uzi mmoja wa moshi ulionyooka, maana upepo haukuwepo. Kitambaa hakikuwaka mara moja, kilikuwa bado na unyevu. Kilikauka, kikawa cheusi, kikashika kaa, na kaa likatambaa ukingoni kama siafu wenye moto. Kanzu ilikuwa imening'inia kando yake, mkono wake mmoja umeingia ndani ya mwanga ule ule. Haikufanya kitu. Ilipata rangi ya mkate, basi. Kisha koti likatoa mwali, na juu ya kola palikuwa na ncha za nyasi za paa, kavu, mvua ilikuwa imekatika wiki tatu. Nyasi hazikufuka. Zilipokea tu.

Hapo ndipo nilipoitupa sahani. Kwa haraka yangu nikakimbilia mbele ya ungo, mwanga ukanipiga bega la kushoto, kwenye ile fulana nyeusi, nikaruka kama mbuzi aliyechomwa sindano. Nina alama; si kubwa, lakini msichana wa jirani anayeleta maji ameshaiulizia mara mbili. Mama Sauda ndiye aliyeupiga teke ungo kutoka nyuma ukaanguka kifudifudi, akapiga yowe, majirani wakaja na panga na majembe. Hawakumwaga maji. Walipanda wakakata kamba na kuliangusha paa lote chini, wakalipiga kwa matawi mabichi mpaka likafa. Nyumba kubwa ikapona. Hakuna mtu aliyeumia, isipokuwa mimi na heshima yangu.

Afande akarudi. Alishuka kwenye boda, akamlipa kijana, akasimama mbele ya kuta za jiko zisizo na paa. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Midia bado wanalizungumza. Hakuuliza nini kimetokea. Alitembea polepole na fimbo yake akakagua. Akagusa nguzo ya jiko: imekuwa nyeusi juu, akaikwangua kwa ukucha, chini yake mti mzima. "Mbao nene," akasema. Akainua mkono wa kanzu, akautazama kwenye mwanga. "Nyeupe." Akaokota kipande cha koti kilichobaki, mfuko mmoja na vifungo viwili. Akavipangusa vifungo kwa kidole gumba. "Nyeusi," akasema. Kisha akauliza, "Nani aliweka hii kitu hapa?"

"Mimi," Mama Sauda akajibu.

Kulwa, nitakuambia ukweli ambao nisingemwambia mtu mwingine. Nilinyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na mdomo huu ulioizungusha Arua yote haukutoa kitu. Nilikuwa nawaza, ni kweli, ameweka yeye.

Mama Sauda akaongeza, taratibu, bila ubaya, "Nilimwuliza kijana. Alisema niweke kama ungo."

Afande akanigeukia. "Ungo yenu huko kwenu mnaweka namna gani?"

"Tunaegemeza ukutani, Afande."

"Uso wapi?"

"Juani."

Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi kutoka kwa mjinga. "Basi mama huyu hakukosa. Alifuata amri. Hii kioo haikuchoma jiko yangu, kijana. Neno yako ndiyo ilichoma."

Nilitaka kujibu. Unajua huwa sikosi jibu. Lakini jibu lilipokuwa linakuja nikaona ukuta mwingine kabisa, ukuta wa ghala letu, na Mama anapiga makofi mawili. Maana kabla ya Masanja kuondoka safari iliyopita nilimwambia nini amwambie Mama? Nilimwambia, "Mwambie mwanao amekuletea ungo." Sikuongeza neno. Niliona ni utani mzuri.

Nikamweleza Afande. Akasema adhabu yangu ni mbili. Ya kwanza, nitaliezeka paa hili mwenyewe, nyasi kwa nyasi, chini ya Mama Sauda, ambaye anakaa kwenye kigoda pale chini na kunifungulisha kila nilichofunga vibaya. Leo tu nimefunguliwa mara sita. Ya pili ilikuwa barua. "Simu haiingii, basi andika. Andika upesi. Masanja yako akiondoka Vurra Jumatatu, barua iwe mfukoni kwake." Kwa hiyo kesho alfajiri nashuka mpaka Vurra, naikabidhi, narudi paani.

Nimempigia Maître Bahati kumweleza. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasema, "Doto, miye nilikuambia: mutu haite kitu jina la kitu ingine juu ya kufurahisha batu. Sasa tutaandika mugongoni." Tangu leo kila ungo unaotoka karakanani unaandikwa nyuma kwa rangi nyekundu: HUU SI UNGO. ULAZE KIFUDIFUDI, UFUNIKE. Na mimi ninazunguka wiki ijayo kwa kila aliyenunua, Arua mpaka Vurra, kulirudisha neno langu mwenyewe nyumba kwa nyumba. Watanisikiliza? Watanicheka. Wameshazoea kusema ungo.

Sasa Mama. Wewe umeulaza, yeye atauegemeza tena; na ukimsomea barua hii najua atakachosema: "Doto anazidisha, tangu lini ungo ukachoma?" Hawezi kuamini maneno yangu, na safari hii sina haki ya kumlaumu. Kwa hiyo nimemwandikia kwa namna nyingine. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Ni nyeupe, usiitupe ukidhani nimesahau kuandika. Nimechora katikati yake, kwa wino mweusi mzito, ile alama ya magunia yetu: duara lililojaa na miguu miwili chini yake, kama Baba alivyokuwa akiichora kwa lami, Mungu amrehemu. Kisha nikauinua ungo wa Afande, yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji, nikaipitisha karatasi kwenye jicho. Niliharibu tano. Hii ya sita ilitoka. Wino wote umeondoka, karatasi imebaki.

Mwambie tu ni ungo kama wake ulioitoboa, usiongeze neno. Mwite Mama nje, mchana, anyooshe mkono, nawe uishike karatasi juu ya kiganja chake. Jua litapita kwenye mashimo na alama ya Baba itamwangukia mkononi, ikiwa ya mwanga. Mwache aitazame. Atajua ni gunia lake, na ataona kingo za mashimo zimeungua. Kama nimjuavyo, hatauliza lolote. Atakwenda mwenyewe nyuma ya ghala, ahakikishe umelala.

Akisharudi, mwambie anaweza kuupikia, ni mzuri kweli. Uwe peupe mbali na nyumba, mtu asimame pembeni, na maharage yakishaiva ulazwe na kufunikwa kabla hata ya kuonja. Asivae ile khanga nyeusi akiwa karibu. Na Mama Sauda anamsalimu, anasema akina mama wa huku na huko wamedanganywa na kijana mmoja, kwa hiyo ni ndugu.

Nisalimie mjomba mchunga ng'ombe, mwambie bado namshinda mbio. Shangazi mshonaji, mwambie anishonee shati jeupe, nina sababu. Bibi mzaa mama, mshike miguu kwa niaba yangu. Jirani yetu mwenye mashine ya kukoboa, aliyesema nitarudi mikono mitupu, mwambie nitarudi na kovu.

Na wewe, Kulwa, ukiisha kufika hapa ungo ukiwa umelala kifudifudi na magunia juu yake, basi salamu zangu zinaanzia hapa. Mimi mzima, bega linapona, paa limefika nusu. Mama mzima? Pamba nyeupe mwaka huu? Nyumba imesimama?

Hamjambo nyote?

Ni mimi mdogo wako kwa dakika chache,
Doto
juu ya jiko la Afande Rajabu, Midia